Kopo Lililotobolewa kwa Msumari wa Bati

Mwanangu Nyamizi,

Sikuulizi hali, maana sasa hivi nimekuona kwa macho yangu ukivuka barabara kwenda Makanyagio kumuaga mama yako mdogo, umejifunga kile kitenge kipya na unatembea kama mtu aliyeitwa kupokea cheti. Hali yako ni njema. Yangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo iliyonifanya nichukue daftari lako la darasa la sita, lile lenye kurasa tupu nyuma, nikae nalo kwenye kigoda kabla jua halijazama.

Mzigo tumeufunga. Lori la Kibaoni linaondoka kesho alfajiri, na dereva ameahidi kukuweka mbele, si juu ya magunia, ili mbung'o wa kule Sitalike wasikumalize. Sitakwambia uchemshe maji ya kunywa. Sitakwambia umheshimu shangazi yako, wala kwamba usikae na akina mama wa kikundi cha nyuki unaokwenda kuwafundisha kama bibi mkubwa aliyetoka mjini. Hayo nimekuimbia miaka kumi na tisa. Kama hayajaingia, barua haitayaingiza.

Nataka kukwambia habari ya lile kopo.

Leo asubuhi ulipanda darini kutafuta kamba ya kufungia godoro, ukashuka na kopo la mafuta ya kupikia lenye kutu pembeni na mfuniko uliotobolewa matundu saba. Ulifurahi kweli. Ukasema, "Mama, si hiki ni chombo cha kulishia nyuki? Nani alitengeneza?" Nami, bila hata kuacha kukoroga uji, nikajibu, "Sijui. Labda baba yako." Ukalipangusa vumbi, ukalitia kwenye begi, ukasema utawafundishia wenzako Kibaoni, kwa sababu mvua imechelewa na nyuki wao wapya watahama wasipolishwa.

Kopo hilo nililitengeneza mimi. Baba yako hajawahi kuliona, na ndiyo maana lilikuwa huko juu, nyuma ya magunia matupu.

Muda mfupi baadaye ulikaa kunywa chai, na nyuki watatu wakatua kwenye kikombe chako. Uliwapungia mkono, ukacheka, ukasema, "Maskini, wana njaa." Mimi nilikugeuzia mgongo nikajifanya nachochea moto. Mara ya mwisho nyuki kuja kwenye vikombe vya nyumba hii ulikuwa na miaka kumi na miwili, na wiki hiyohiyo tulimzika bibi yako.

Basi nakuandikia ili usije ukaua mtu Kibaoni kwa kopo langu. Na nakuandikia ili ujue kwamba hapa Mpanda hukuua mtu.

Ngoja nianze na ulafi, maana ndiko yalikoanzia. Unaukumbuka ule mzinga wa sanduku? Bwana nyuki wa wilaya alitugawia akina mama sita, kila mmoja na wake. Wenzangu waliipeleka shambani. Mimi nikauweka wangu nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa minyaa, mahali ambapo kila anayekwenda kisimani lazima auone. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Yeye mizinga yake ni ya magogo, iko juu ya miti huko porini mwendo wa siku mbili kwa baiskeli, na kila msimu anakwenda dago, anakaa kambini na warina asali wenzake wiki tatu au zaidi. "Nyie wanawake mnataka kufuga nyuki kama kuku," alisema. "Nyuki wa uani! Siku akikosa chakula atabisha hodi akuombe ugali."

Maneno yale yaliniuma, na wewe unajua mimi nikiumwa na neno ninavyokuwa. Nikaapa kumwonyesha. Msimu wa kuvuna ulipofika, bwana nyuki alituagiza tuache masega manne ya mbele, akiba yao ya siku mbaya. Niliyaona yale manne, yamejaa, yamezibwa kwa nta nyeupe safi. Nikasema, kwani maua yamekwisha duniani? Nikakata yote. Ndoo ikajaa mpaka mfuniko ukakataa kukaa. Nilimpelekea baba yako, nikaiweka miguuni pake, nikasubiri.

Alionja. "Asali nzuri," akasema. Halafu akaichungulia ile ndoo kwa muda mrefu, mpaka furaha yangu ikaanza kupoa. "Umewaachia nini?"

"Wameachiwa," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilimwambia mtu ambaye akirina, sega la kwanza huliweka chini ya mti, kwa ajili ya mizimu, wenye pori, kabla hajalamba hata kidole. Hakuuliza zaidi. Alipanga vitu vyake akaenda dago.

Mwaka ule mvua ilifanya kama inavyofanya mwaka huu. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, yanakaa, yanaondoka. Miti ilichanua kidogo, maua yakapukutika kabla nyuki hawajashiba. Nilipoweka sikio kwenye sanduku langu nilisikia sauti nyembamba, ya kuchoka. Kisha wakaanza kuja jikoni. Walikuja kwenye vikombe, kwenye kisahani cha sukari, kwenye maganda ya mapapai. Nilikuwa nimewanyang'anya akiba yao na sasa walikuwa wanaifuata ndani ya nyumba, lakini mimi sikuliona hivyo wakati ule. Niliona aibu moja tu: kwamba watahama, baba yako arudi akute sanduku tupu, anicheke mpaka tuzeeke.

Bwana nyuki alipita siku moja na baiskeli yake, nikamkimbilia barabarani. Alinieleza akiwa na mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli, maana alikuwa na safari. Chukua kopo lenye mfuniko wa kubana. Toboa matundu madogo, madogo kabisa, kwa msumari mwembamba kama wa fundi viatu. Changanya sukari nyeupe na maji vipimo sawasawa, usiiunguze. Geuza kopo juu chini, liweke ndani ya mzinga nyuma ya masega, likae juu ya vijiti viwili ili nyuki wapite chini na kulamba. Fanya jioni. Punguza mlango wa mzinga ubaki wa kupita nyuki wawili. "Na mama," akasema akianza kukanyaga pedeli, "usimwage nje hata tone." Nilimwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku nafikiria sukari iliyobaki ndani inatosha au haitoshi.

Nilikuwa na msumari mmoja tu, wa kupigilia bati. Ndio niliotumia. Matundu saba, unayajua, yapo kwenye begi lako. Kopo zuri ukiligeuza hudondosha matone matatu au manne kisha hunyamaza, maji yote yanabaki juu yakisubiri ulimi wa nyuki. Langu niliposimama nalo juu ya beseni nikaligeuza, lilikojoa kama mbuzi. Bibi yako, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kutoka hapa mpaka kwa fundi viatu kule Kashaulili ni robo saa. Ningekwenda nikaomba msumari mmoja mwembamba, angenipa hata bure. Hiyo robo saa nimeitembea kichwani mwangu miaka saba, Nyamizi. Badala yake nilikasirika na kopo kama vile lenyewe ndilo lililokosa, nikalitupa darini, nikatazama chini, nikaona maji ya sukari yameshajaa kwenye beseni. Na kusema kweli niliogopa pia kuufungua mzinga. Nyuki wenye njaa ni wakali, na wavu wa uso baba yako alikuwa amekwenda nao. Nikasema, kwani lazima ndani? Si wana mabawa? Nikaliweka beseni juu ya jiwe, uani, mchana kweupe.

Nikueleze kidogo juu ya bibi yako, maana naogopa kwamba unakumbuka siku ile tu na umemsahau mwenyewe. Miguu yake ilikuwa imekwisha, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wa kwangu. Kila asubuhi tulimtoa nje tukamkalisha kwenye mkeka akaota jua na kuchambua maharage. Kwa kuwa wewe una jina lake, baba yako alikuwa anakuita mama. "Mama, niletee maji." "Mama, leo shuleni wamekufundisha nini?" Na ukiitika, bibi naye alikuwa anaitika makusudi, halafu anasema nyumba hii ina mama wawili na mmoja hana meno. Ulikuwa unacheka kila mara kama ndiyo kwanza unaisikia.

Siku nilipoweka beseni aliniangalia, akaniuliza, "Mkwe wangu, leo umewapikia nyuki chai?"

"Wana njaa, mama."

"Mwenye njaa ukimlisha mlangoni, kesho anakuja na ukoo wake."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Siku ya kwanza walikuja wachache, wakasimama ukingoni mwa beseni wakanywa vizuri, nami nikajipongeza. Siku ya pili walikuwa wengi zaidi. Siku ya tatu niliona wengine wakija kutoka upande wa shule, wakipita juu ya bati letu kwa mstari mmoja, na kule hakukuwa na mzinga wangu. Kulikuwa na nyuki wa kwenye dari ya darasa, wale waliokuwa wanawakimbiza walimu. Niliwaona wakipigana na wa kwangu mlangoni mwa sanduku, wanabiringishana chini. Niliona yote. Nikaongeza maji kwenye beseni, nikidhani wakishiba wataacha kugombana.

Siku ya nne sukari ikaisha. Nilikorogea ile ya mwisho kwenye beseni, nusu ikanimwagikia mikononi na kwenye jiwe. Nikapangusa jiwe kwa kanga iliyokuwa begani, nikapangusa mikono. Kulikuwa na upepo, bibi yako akasema magoti yanapata baridi. Nikaivua ile kanga, nikamtandikia magotini.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu kwa muda. Naomba uisome tena, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayeijua.

Nikakwambia wewe, "Twanga hayo mahindi, nakuja sasa hivi." Nikaenda dukani kuomba sukari. Sukari niliipata mara moja, lakini mwenye duka alikuwa anasimulia harusi ya watu ambao hata siwajui, mambo ya kuchekesha, nami nikaegemea pale dirishani nikasikiliza mpaka mwisho. Wakati huo beseni lilikuwa limekauka. Nyuki wa mizinga sijui mingapi walikuwa wamezoeshwa siku tatu kwamba uani kwetu kuna chakula saa ile, na leo wamekuja hakuna. Wakaanza kutafuta kilipo. Kilichokuwa kimebaki kilikuwa kwenye ile kanga.

Nikiwa bado kwenye kona ya barabara nilisikia harufu ya ndizi mbivu. Nilishangaa, maana hakuna aliyekuwa anauza ndizi upande ule. Baadaye sana ndipo bwana nyuki aliponieleza kwamba nyuki akichoma anaacha harufu hiyo, ndiyo anayowaitia wenzake waje wachome palepale. Siku ile sikujua. Nilitembea hatua kadhaa nikiitamani ndizi.

Kisha nikasikia mvumo, nikaona watu wamesimama mbali wamejifunika vichwa. Wewe ulikuwa mlangoni kwa jirani yetu Mzee Mathiasi, una miiba mpaka kwenye kope, unalia, "Bibi! Bibi yuko nje!" Ulikuwa umekimbia kuita watu. Mtoto wa miaka kumi na miwili, angefanya nini kingine? Ungebaki ningezika wawili. Mzee Mathiasi alichukua blanketi akalilowesha, akawasha majani mabichi yakatoa moshi, akaingia uani akamvuta bibi yako mpaka ndani ya nyumba. Kuku wetu watano walikuwa wamelala chini. Mwanamke mmoja pale barabarani akasema, "Mtoto alikuwa anatwanga. Nyuki hawapendi kishindo." Wengine wakasema eeh, ndiyo hiyo, kishindo.

Sasa nisikilize vizuri. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikiwa nimejifunika gunia. Beseni lilikuwa pale juu ya jiwe, limejaa nyuki waliokufa. Nililichukua. Nikalimwaga chooni, nikaliosha kwa majivu, nikalirudisha jikoni nikalifudikiza. Kisha nikaingia ndani, nikaiondoa ile kanga magotini kwa mama mkwe wangu, nikaizamisha kwenye ndoo ya nguo chafu. Ndipo nikamwangalia usoni. Alikuwa hai, ananisikia, na mimi nilianza na beseni.

Hospitali walijitahidi. Macho yake yalikuwa yameziba, midomo imevimba, lakini asubuhi ya pili alisema maneno machache, na niliyekuwepo ni mimi peke yangu. Alisema, "Mtoto msimguse. Hakukosa." Hakusema nani aliyekosa. Aligeuza tu uso upande niliokaa, na akanishika mkono, si kwa nguvu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Baba yako alirudi kutoka dago tukiwa tumeshazika. Alisimama uani na baiskeli yake, hajaiegesha hata, akauliza, "Walianzaje?"

Nikasema, "Nyamizi alikuwa anatwanga."

Sikusema uongo, si kweli? Ulikuwa unatwanga. Nilijipa hiyo dawa kwa miaka yote. Baba yako alilichoma moto lile sanduku. Akakibeba kinu akakibwaga nyuma ya choo. Hakukupiga, hakukukaripia, na watu walimsifu kwa hilo. Lakini tangu siku ile hakukuita mama tena. "Wewe binti, lete maji." Ulimwangalia mara ya kwanza kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Ukaleta maji. Ulikuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini, hukuuliza, kwa sababu ulidhani unajua.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na miaka saba, na wewe ndiye uliyenibebea mzigo njia nzima. Nilikuona ukienda kutwanga kwa Mzee Mathiasi, ukisimamisha mchi hewani kila inzi akipita. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba hufai kukaa na wazee. Ulipofikisha miaka kumi na sita ukaja kuniambia unataka kwenda kwa bwana nyuki kujifunza. Nikakuuliza, kwa nini nyuki, kazi zote hizi? Ukasema, "Nataka kujua niliwafanya nini." Siku ile nilikuongezea mboga. Hilo ndilo nililoweza, kukuongezea mboga. Na uliporudi kutoka mafunzo, umefundishwa kwamba kweli kishindo kinaweza kumchokoza nyuki, hukula siku nzima, nami nikanyamaza tena.

Lakini fikiri sasa, wewe uliyesoma mambo haya kuliko mimi. Kinu kilikuwa pale uani msimu mzima tangu nyuki waingie kwenye sanduku. Ulitwanga asubuhi na jioni, na walikuwa wanapita juu ya kichwa chako kwenda zao. Kishindo kile walikizoea. Nilichobadilisha ni kimoja, nami ndiye niliyekibadilisha.

Hivyo ukifika Kibaoni, hilo kopo usimpe mtu. Liweke mbele ya akina mama, liwekee maji matupu, ligeuze waone linavyomwaga, kisha utengeneze jingine kwa msumari wa fundi viatu. Nimekununulia minne, iko kwenye kona ya leso yako nyeupe. Waambie chakula kinaingia ndani ya mzinga na mlango unabanwa. Waambie anayenawa mikono yenye sukari uani anawaita asiowajua. Lakini kabla ya yote hayo waulize, masega ya akiba mliacha? Wataitikia ndiyo. Usiridhike, fungua uangalie. Kutakuwa na mmoja kati yao ambaye mumewe amemcheka, na huyo usimwache peke yake na mzinga. Mwaka ni mbaya. Nimeuona leo kwenye kikombe chako.

Na kama kuna mzee asiyeweza kukimbia kwenye nyumba yoyote, mzinga usikae hapo. Hata wakikwambia nyuki wao ni wapole. Wangu nao walikuwa wapole.

Utauliza kwa nini nisikwambie kwa mdomo. Nimejaribu. Jana nilipokuwa nakusuka nilifungua mdomo, ukasema, "Mama, unanivuta," nikaufunga. Mimi ni mwoga, Nyamizi. Watu wananiona nina maneno makali sokoni wanadhani ni ushujaa. Ndiyo maana barua hii nitaikunja niiweke ndani ya kopo lenyewe, ili usiweze kulitumia kabla hujaitoa. Najua unaweza kukasirika. Unaweza kukaa Kibaoni mwaka mzima usinitumie hata salamu, na nikiulizwa sitasema kwamba una makosa. Nilikuacha uamini kwamba ulimuua bibi yako, kwa sababu nilimwogopa mume wangu, na kwa sababu ilikuwa rahisi. Nakuomba msamaha. Sijui kuuomba vizuri zaidi ya hapo.

Mchana huu ulipokuwa unaoga nilikwenda nyuma ya choo nikakibiringisha kinu mpaka uani. Kimepasuka kidogo ukingoni na mchwa wamekula upande mmoja, lakini kinatwanga. Kesho alfajiri kabla lori halijapiga honi utanisikia. Ukishaisoma barua hii utajua ulikuwa mlio gani. Ni mimi, natwanga mahindi palepale ulipokuwa unatwanga, na atakayepita barabarani akauliza nitamjibu.

Baba yako anarudi kutoka dago Jumamosi. Nitamwambia kabla hajaegesha baiskeli, hapo hapo aliposimama siku ile, maana nikimpa nafasi ya kukaa nitampa maji, nikimpa maji nitampa chakula, na maneno yatakwisha. Sijui atafanya nini. Alikuwa ni mama yake, na miaka saba amekula ugali wangu. Anaweza kunirudisha kwetu Inyonga, na akisema hivyo nitakwenda. Anaweza pia asiseme chochote, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Sikuweza kungoja urudi Krismasi ili uwepo. Ninajijua, ningengoja na Krismasi ya pili.

Jua limezama, nyuki wamekwenda kulala. Nimefunika sukari, nimefunika kisahani, nimeosha mikono mara mbili. Nasikia sauti yako barabarani, unamuaga Mzee Mathiasi, na yeye anakutania kwamba utaolewa na Mpimbwe wa huko Kibaoni.

Neno la mwisho. Wiki ijayo au mwezi ujao, kama Mungu atamlainisha, baba yako atafika Kibaoni na baiskeli yake. Atasimama mlangoni kwa shangazi yako, atajifanya amekuja kuulizia soko la asali, ataangalia mikono yake. Hajui kuomba radhi yule mtu, hata mimi hajawahi kuniomba. Atatafuta neno, na ninajua ni lipi atakalolipata. Atakuita mama.

Itika.

Mama yako